Nani analipia kusubiri kwa mtafuta kazi wa Dar?

Tukizungumzia ajira za vijana huwa tunabishana juu ya mambo mawili. Wapo wanaosema kazi hakuna. Wapo wanaosema kazi zipo ila vijana hawana ujuzi, na hata wakipata wanachagua. Ubishi huo nimeusikia bungeni, redioni, vijiweni na misibani, na kila mara nabaki nashangaa mbona hakuna anayeuliza jambo la kawaida kabisa. Huyu kijana aliyetoka Sumbawanga au Kasulu kuja Dar es Salaam kutafuta kazi, katika miezi hiyo ya kutafuta analala wapi, anakula kwa nani, na nauli anaitoa wapi?

Kwangu swali hilo linawazidi uzito hayo mengine mawili. Kutafuta kazi kuna gharama, na gharama yake kubwa ni kusubiri. Mwenye pa kusubiria miezi minane ataikataa kazi ya kwanza, ataikataa ya pili, ataipokea ya tatu inayolingana na alichosomea. Asiye na pa kukaa hata wiki tatu anachukua ya kwanza iliyojitokeza, na shahada yao ni moja, chuo kimoja, hata alama hazipishani. Mambo mengi tunayoyaita bahati, koneksheni au uvivu ukiyachimba unakuta ni hilo tu: kuna aliyelipiwa kusubiri na kuna ambaye hakulipiwa.

Tuanze na wanakofikia. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Kwa haraka utasema jiji linafurika. Lakini hilo ni ongezeko la asilimia 2.1 kwa mwaka, chini ya wastani wa taifa zima ambao ni asilimia 3.2. Sasa tazama jirani yake, Mkoa wa Pwani: kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyohiyo kumi. Karibu mara mbili. Jiji halijaacha kuvuta watu. Limejaa, bei zimepanda, wanaokuja wanamwagikia nje ya mpaka wake. Mgeni wa leo hafikii Magomeni wala Ilala kama alivyofikia baba yake. Anafikia Kibaha, Vikindu, Mapinga. Ndugu alimwambia kwa simu kwamba yeye anakaa Dar, na kijana akishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, bado usingizi wa basi haujamtoka machoni, anashangaa kuona wanapanda daladala inayorudi njia ileile aliyojia.

Umbali huo ni pesa. Nauli ya daladala iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, mwishoni mwa 2023 kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600, na anayetoka pembezoni kwenda Masaki, Mikocheni au Posta hapandi gari moja. Anapanda mawili, pengine matatu, na jioni vivyo hivyo. Ongeza sahani ya wali maharage, chupa ya maji, kopi za vyeti pale steshenari, picha za pasipoti, na bando la kuangalia barua pepe. Kwa hesabu yangu, siku moja ya kuzunguka mjini haipungui shilingi 5,000, na hapo ni kwa mtu anayejibana. Akitoka siku tano kwa wiki, mwezi unamla 100,000. Amri ya mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha wafanyakazi wengi wa viwandani na madukani kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kimepanda tangu hapo, lakini uwiano unauona. Theluthi mbili ya mshahara wa chini inahitajika ili mtu aweze tu kuutafuta mshahara huo.

Ndiyo maana nikiwasikia wakubwa wakisema vijana wakae chini wabuni, natamani kwanza wakae wao siku moja nje ya geti la ofisi.

Mimi nilikaa, bila kukusudia, kwenye kibanda cha chai huko Mikocheni nikimsubiri mtu aliyechelewa. Kuanzia saa mbili na nusu asubuhi wakaanza kuja mmoja mmoja. Shati limenyooshwa, viatu vinafutwa vumbi kwa kitambaa hatua chache kabla ya kufika getini, mkononi bahasha ya kaki. Mlinzi anaipokea vizuri kabisa, anaitumbukiza kwenye boksi la karatasi lililo chini ya meza yake. “Watakupigia, mdogo wangu.” Kijana anashukuru, anaondoka, anageuka kulisoma tena bango la ofisi kama anayelikariri. Chai yangu ya pili ilipoisha nilimuuliza yule mlinzi zile bahasha huchukuliwa lini kupelekwa ndani. Akacheka, si kwa ubaya. “Kaka, zikijaa huwa anakuja yule mama wa karanga.”

Ofisi hiyo, kama nyingi siku hizi, inapokea maombi kwa mtandao. Vijana wale walikuwa wanajua. Kwa nini basi waliivuka Dar nzima kuja kuacha karatasi getini? Nimeliwaza hilo muda mrefu, na naamini sehemu kubwa ya safari zile hazifanywi kwa ajili ya mwajiri. Zinafanywa kwa ajili ya nyumba anamolala. Mgeni anayeonekana saa nne asubuhi kwenye kochi akiwa na simu, hata kama kwenye simu hiyo anajaza maombi ya kazi ya kurasa saba, machoni pa nyumba ile amelala. Anayetoka saa kumi na mbili na kurudi jioni na jasho anahangaika. Kazi haitafutwi kitandani, watasema. Kwa hiyo anatoka. Nauli inachomeka, na kitu pekee kilichonunuliwa ni wiki nyingine ya uvumilivu wa wenyeji.

Nchi hii haina posho ya kijana anayetafuta kazi yake ya kwanza. Inayo, lakini haimo kwenye bajeti ya serikali. Imo kwenye bajeti ya mjomba, mama mdogo, kaka aliyetangulia, shemeji wa Tabata mwenye vyumba viwili na watoto watatu. Hao ndio hazina ya taifa ya kusubiri. Wizara inapojisifu kwamba soko la ajira limehimili misukosuko, ni vizuri ijue kwamba kilichohimili ni sufuria ya shemeji. Kilo ya unga iliyokuwa inatosha siku mbili sasa haivuki siku moja, na hakuna ripoti inayoandika hilo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shida ya mjini ni kwamba jembe lenyewe halipo. Kijijini mgeni akishika jembe asubuhi, ugali wake wa mchana ameulipia, hakuna anayemhesabia. Kwenye nyumba ya kupanga Dar hakuna shamba, hivyo malipo yanatafutiwa njia nyingine: kuteka maji, kumpeleka mtoto shule, kukaa kwenye kibanda cha miamala wakati mwenyewe ameenda sokoni, kulinda nyumba wote wakisafiri. Kazi ndogondogo, zote halali, hakuna ubaya. Ila kila moja inakula saa ambazo zilikuwa za kutafuta kazi, na mgeni hana ubavu wa kusema leo nina usaili.

Kwa msichana hali ni nzito zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hatulisemi. Mvulana akifika mjini anaambiwa zunguka zunguka utapata. Msichana mwenye cheti kilekile akifika kwa dada yake anakuta binti wa kazi ameondoka wiki iliyopita. “Utanisaidia kidogo na mtoto wakati unatafuta.” Ule ukidogo unaanzia saa kumi na moja alfajiri na kwisha saa nne usiku. Anaosha, anapika, anafua, anamchukua mtoto shule, na kwa sababu ni ndugu halipwi. Binti wa kazi angalau angelipwa. Baada ya mwaka mmoja familia nzima inasema yule mtoto hana juhudi, amekaa tu nyumbani. Aliyekuwa anafanya kazi ya mtu mzima mwaka mzima ameandikwa mvivu. Nimeshuhudia hili katika nyumba za wasomi, za watu wa dini, za watu wanaohutubia kuhusu haki za wanawake. Dada mtu mara nyingi si mkatili; yeye mwenyewe anawahi kazini, malezi ya mtoto mdogo mjini ni ghali, na mgeni amekuja wakati muafaka. Lakini hesabu ikipigwa, mshahara wa yule dada unawezekana kwa sababu mdogo wake hatafuti kazi.

Sasa chukua mwenye bahati, amepata kibarua cha kueleweka, anataka chumba chake. Hapa ndipo Dar inapoonyesha meno.

Dalali anaanza na hela ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata ukioneshwa choo. Kisha unaambiwa chumba ni 50,000, kodi miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Jumla 350,000 kabla hujanunua hata godoro. Kisha mwenye nyumba anataka kukuona. Unafanya kazi wapi? Umeoa? Unaishi na nani? “Mama hataki mabachela,” dalali anakunong’oneza mkitoka, “ila tukimwambia uko bandarini atakubali.” Kijana anaingia kwenye chumba kwa uongo ambao hakuutaka, na uongo huo utamfuata kila mwisho wa miezi sita. Wakati huohuo umeme wa LUKU anaoununua kwa shida unakatwa kodi ya jengo, utaratibu ulioanza Agosti 2021, kwa nyumba ambayo si yake.

Ni rahisi kumlaumu mwenye nyumba. Lakini tazama nyumba yenyewe. Upande mmoja umepakwa rangi, upande wa pili matofali yako wazi, nondo zimechomoza juu kama zinazosubiri ghorofa, na nyuma kuna msingi wa vyumba vingine viwili umeota nyasi. Nyumba nyingi za uswahilini hazikujengwa kwa mkopo wa benki. Zimejengwa chumba baada ya chumba, kwa kodi ya waliomo. Anapodai miezi sita kwa mkupuo hakuombi wewe kodi tu. Anakusanya hela ya bati, ya mlango wa chumba kinachofuata, ya ada ya mtoto Januari. Ukimpa 50,000 kila mwezi zitaishia kwenye mboga. Ukimpa 300,000 kwa mara moja, anaezeka.

Maana yake ni kwamba mkopeshaji mkubwa wa ujenzi wa Dar es Salaam ni mpangaji, na anakopesha bila riba. Mtu ambaye benki haiwezi kumkopesha 300,000 kwa sababu hana ajira ndiye anayetakiwa kumkopesha mwenye nyumba 300,000 ili alale. Ni jambo la ajabu, nasi tumelizoea mno. Nairobi, pamoja na mabaya yake yote, mpangaji wa kawaida anaweka amana ya mwezi mmoja na kodi ya mwezi mmoja, kisha analipa mwezi kwa mwezi. Mji nao umejengwa. Mawaziri wetu wa ardhi wamelikemea suala la kodi za miezi sita kwa nyakati tofauti, magazeti yakaandika, wapangaji wakashangilia, madalali wakacheka. Ile Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba tuliyokuwa nayo ilifutwa mwaka 2005, na mazungumzo ya kuweka nyingine yamebaki mazungumzo.

Matokeo yake kwa mtafuta kazi ni haya: hawezi kusogea karibu na kazi mpaka awe na kazi. Anabaki Vikindu, analipa nauli ya Vikindu, anachelewa kama watu wa Vikindu, na mwajiri anaandika kwamba vijana wa siku hizi hawajali muda.

Kuna na suala la kuaminika, ambalo waajiri wadogo wanalipa uzito kuliko cheti. Duka la Kariakoo, wakala wa miamala, kampuni ya ulinzi, tajiri wa bodaboda, wote wanataka wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa. Mdhamini awe na nyumba au ajira inayojulikana. Barua ya mtaa inatolewa na mwenyekiti anayekufahamu, au anayemfahamu mjumbe anayekufahamu. Mgeni wa wiki mbili nani anamfahamu? Namba ya NIDA ameifuatilia Kasulu, kitambulisho chenyewe labda hakijatoka, laini ya simu anayotumia imesajiliwa kwa jina la binamu yake, na muamala ukiingia unasoma jina la binamu. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ile ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, nayo inataka kikundi kinachotambulika katika eneo. Hakuna lililo baya hapo likitazamwa peke yake. Mwajiri anayemkabidhi mtu mauzo ya siku ana haki ya kujua kwao ni wapi. Ila ukiyaweka pamoja utaona kwamba mjini sifa ya kwanza ya kazi ni kuwa umeshakaa, na kukaa ndiko kunakohitaji kazi.

Ndiyo sababu nawashauri vijana wanaonipigia simu kitu ambacho wazazi wao hawakipendi. Mwezi wa kwanza usiumalize kwenye mageti. Jitambulishe kwa mjumbe, uonekane kwenye msiba wa mtaa, ushike chepeo siku ya kuzibua mtaro, ujulikane msikitini au kanisani, ucheze mpira wa jioni. Fundi anayetafuta msaidizi kesho asubuhi hataangalia mtandao. Atamuuliza muuza chapati kama kuna dogo mwaminifu hapa karibuni. Wengi wa ninaowajua walioingia vizuri mjini walianzia kwa mtu wa namna hiyo, ambaye si ndugu na wala si rafiki, aliyewaona tu mara kadhaa.

Wanaoshindwa kusubiri wanaangukia kwenye kazi za siku. Saidia fundi. Deiwaka kwenye daladala, yaani wa kumshikia mwenzake gari kwa siku. Bodaboda ya hesabu, ya kumpelekea mwenye pikipiki kiasi chake kila siku. Winga wa Kariakoo, ambaye ni kazi ninayoiheshimu kuliko watu wanavyodhani: huna duka, huna mtaji, una simu yenye picha za bidhaa za maduka kumi na ulimi wako. Mteja anataka viatu, unajua duka linauza 35,000, unamuuzia 42,000, cha juu ni chako. Siku nyingine unaondoka na 30,000, siku nyingine na kiu. Ni shule ya biashara iliyo bora kuliko baadhi ya vyuo tunavyovilipia ada.

Lakini kazi ya siku ina mtego. Kwa kipimo cha kimataifa cha takwimu za kazi, mtu aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki inayopimwa anahesabiwa ameajiriwa. Yule winga, kwa karatasi, hana tatizo tena. Ametoka kwenye orodha. Katika maisha yake halisi amefungwa, kwa sababu asipoenda Kariakoo leo, leo hali. Akipigiwa simu Jumanne kwamba usaili ni Alhamisi saa mbili asubuhi, anapima: siku mbili bila cha juu, nauli, shati la kuazima, dhidi ya nafasi moja kati ya mia tano. Wengi hawaendi. Mwenye baba wa kumlipia anakwenda kwenye usaili kumi, na wa kumi na moja unamjibu.

Matapeli wanaielewa njaa hii kuliko wizara. Ndiyo maana matangazo yao yanasema kazi ya haraka, hakuna uzoefu, tuma 20,000 ya fomu au ya mafunzo. Mtu asiyeweza kusubiri ndiye mteja wao. Ukikuta kazi inayokuomba hela kabla haijakupa, hilo ni duka na wewe ndiye bidhaa.

Serikali zetu tangu zamani zimemwona mtu huyu kama uchafu wa mji kuliko mtu aliye safarini. Mwingereza aliwakamata wasio na kazi mjini akawarudisha makwao. Tukapata uhuru, na miaka ya sabini tukaanzisha kijiji cha Gezaulole ng’ambo ya Kigamboni kwa ajili ya wasio na kazi wa Dar. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya kila mtu afanye kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, watu wakisimamishwa barabarani waonyeshe wanafanya kazi wapi, asiye na jibu akapelekwa kijijini au mashambani. Waliorudishwa wengi walirudi tena mjini, baadhi kabla gari lililowapeleka halijarudi, kama wazee wa Manzese wanavyopenda kusimulia. Leo hatupakii watu kwenye malori. Tunawaambia wajiajiri. Nalikubali neno hilo kwa mtu mwenye pa kulala na mtaji wa kupoteza mara moja. Kwa mgeni aliye kwenye kochi la shemeji, kujiajiri ni kuchukua nauli ya wiki na kuigeuza karanga, na mgambo akizimwaga, wiki imekwisha.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo serikali imelifanya vizuri, na nalitaja kwa sababu linathibitisha hoja yangu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Zaidi ya watu 10,000 waliitwa, wakajazwa Uwanja wa Taifa kufanya usaili. Tulizungumzia ukubwa wa idadi ile, picha zikasambaa, tukasikitika. Hatukuzungumzia mabasi. Maelfu ya watu wale walisafiri kutoka mikoani, wakalala kwa ndugu, guesti au stendi, kwa ajili ya nafasi ambazo 70 tu wangezipata. Familia za wengine waliobaki zililipa gharama hiyo na hazikupata hata barua ya kukataliwa. Miaka kumi na moja baadaye, 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalizidi 135,000. Kiu ya kazi haijapungua hata kidogo. Lakini Sekretarieti ya Ajira imeshaanza kufanya usaili wa awali wa baadhi ya kada mikoani, mwombaji anakotaja kwamba anaishi, walimu wakiwemo. Mwalimu wa Kigoma anafanya mtihani Kigoma, anarudi kwao kula.

Watu wengi wameuona utaratibu huo kama suala la kurahisisha usimamizi. Kwangu ni sera kubwa ya ajira kuliko makongamano mengi, kwa sababu imepunguza bei ya kujaribu bahati kutoka nauli ya basi na wiki mbili za kulala sebuleni kwa mtu hadi nauli ya bodaboda. Sekta binafsi ingeiga hilo tu, usaili wa kwanza ukafanywa kwa simu, na mwombaji akapewa taarifa wiki moja kabla badala ya siku mbili, yule winga angeweza kuja.

Kwa wenye nyumba nako njia ipo, mradi tuache kuwakemea na kuanza kupiga nao hesabu. Kama miezi sita ni mkopo wa ujenzi, basi atafutiwe mkopo wa ujenzi. Mwenye nyumba ya vyumba sita anayepokea kodi ya kila mwezi kupitia simu ana rekodi ya mapato inayoeleweka kuliko wafanyabiashara wengi wanaokopeshwa leo. SACCOS inaweza kumpa bati zake kwa rekodi hiyo, naye akampangisha kijana kwa mwezi mmoja mmoja. Serikali inaweza kumpunguzia kodi ya jengo anayekubali utaratibu huo, kwani mashine ya LUKU inayokata inaweza pia kuacha kukata. Pa kuanzia pangekuwa Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, kwenye vyumba vya 40,000 na 50,000 ambavyo mgeni anavihitaji. Masaki wenye nyumba wanadai kodi ya mwaka mzima. Hao tuwaachie wapangaji wao wabishane nao.

Na wewe shemeji mwenye mgeni sebuleni, ambaye huenda unasoma hapa huku yeye anakoroma: mkalishe leo jioni mpange. Miezi mingapi, siku zipi ni zake za kutafuta na zipi ni za kusaidia nyumbani, nauli mara ngapi kwa wiki, akipata kibarua anachangia nini. Kama ni binti, mtoto wako atachukuliwa shule na nani siku akiwa na usaili? Hilo la mwisho mlimalize kabla hamjalala.